Mtoto Akilia, Si Lazima Awe Anadai Uji

Kuna hukumu ambayo mzazi huisikia hata arobaini haijatimia: "Huyu mtoto maziwa hayamtoshi, mpikieni uji." Huitoa bibi, mama mkwe, jirani aliyekuja kumwona mtoto, na mara nyingine muuguzi aliyesomea kazi yake zamani. Uji huo uwe mwepesi, wanasema, maana tumbo la mtoto ni laini. Mtoto akiharisha, uongezwe maji uwe mwepesi zaidi. Asiponenepa, unga wake uchanganywe nafaka tano au saba. Kila swali la tumbo la mtoto tumelipatia jibu hilo moja, na bado kliniki zimejaa watoto wenye matumbo yanayosumbua na uzito usiopanda.

Naipinga hukumu hiyo, na naipinga kwa heshima. Wanaoitoa wanampenda mtoto, tena wana ushahidi wa macho yao. Bibi atakwambia: mtoto alikuwa analia kila jioni, anakunja miguu, uso unamwiva, tumbo limejaa gesi. Akapewa uji akiwa na miezi miwili na nusu. Wiki tatu hazikupita akatulia na kulala usiku. Bibi huyo ameliona jambo hilo kwa watoto wake na kwa wajukuu. Mama wa miaka 22, mwenye mtoto wa kwanza mikononi, atabishana naye kwa lipi?

Abishane naye kwa kalenda. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za vilio vya watoto wachanga zilizoandikwa na mama zao, siku hadi siku. Kilio kilipanda kuanzia wiki ya pili au ya tatu, kikafika kilele karibu na wiki ya sita, kisha kikashuka chenyewe. Watoto wengi hutulia wakikaribia miezi mitatu au minne. Mtu anaweza kusema hayo ni ya watoto wa Wazungu wanaolazwa peke yao kwenye vitanda vyao. Lakini watafiti waliochunguza watoto wa Kisan wa Kalahari, ambao hubebwa mchana kutwa na kunyonya mara kadhaa ndani ya saa moja, waliona mwendo uleule wa kupanda na kushuka. Tofauti ni kwamba vilio vya watoto wale vilikuwa vifupi. Huo ni umri, na kila mtoto huupita.

Kwa hiyo chochote utakachompa mtoto katika wiki ya kumi kitaonekana kimemponya. Uji utasifiwa, dawa ya chango itasifiwa, hata uzi mweusi kiunoni utasifiwa. Ile dawa ya gesi ya chupa, ambayo nyumba nyingi za mijini hazikosi, asili yake ni mji wa Nottingham, Uingereza, mwaka 1851, na kwa zaidi ya karne moja ilitengenezwa ikiwa na kileo ndani. Mtoto aliyenyweshwa kileo alitulia, na vizazi vya wazazi vikaamini kwamba gesi imetoka.

Hadi hapo mtu anaweza kuniambia: sawa, uji haumponyi, lakini unamdhuru nini? Hapa ndipo inabidi tutazame tumbo lenyewe linafanya kazi gani.

Uji ni wanga. Wanga huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, na sehemu kubwa ya amilesi ya mtu mzima hutoka kwenye kongosho. Kongosho la mtoto mchanga karibu halitoi amilesi kabisa; huanza kuitoa kidogo kidogo, na katika miezi sita ya mwanzo bado iko chini sana. Mate yake yana kiasi kidogo, na maziwa ya mama yana amilesi yake pia, kwa hiyo si kweli kwamba hakuna kinachosagika. Lakini sehemu ya wanga ule hufika kwenye utumbo mpana ikiwa haijasagwa, na huko bakteria huuchachusha na kutoa gesi. Mtoto aliyepewa uji ili gesi iishe ameongezewa kitu cha kuzalisha gesi.

Maziwa ya mama, kwa upande wake, huja na msaada wake ndani. Yana kimeng'enya cha kuvunja mafuta, kwa sababu kongosho la mtoto bado ni dhaifu hata kwa mafuta. Yana kinga inayotanda kwenye kuta za utumbo. Yana pia aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga hata kidogo. Zipo kwa ajili ya kulisha bakteria wema, hasa wale waitwao bifidobakteria, ambao huufanya utumbo uwe na uchachu usiopendwa na vimelea vya kuharisha. Binafsi sijui jambo la mwili linalonishangaza kuliko hili, kwamba mwili wa mama hutumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hakili, ili kiwalishe viumbe watakaomlinda.

Choo cha mtoto huyu nacho huzua hofu isiyo na sababu. Wiki za mwanzo anaweza kuchafua nepi kila anaponyonya, choo cha njano, laini, chenye chembechembe, na watu wakasema anaharisha. Akishapita wiki sita anaweza kukaa siku tano, hata wiki nzima, bila choo, na watu wakasema amefunga. Kama ananyonya vizuri, anakojoa mara nyingi, tumbo halijavimba wala hatapiki, na choo kikija ni laini, mtoto huyo hana ugonjwa. Kufunga choo ni kutoa choo kigumu kikavu kwa maumivu, na mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake hupatwa na hali hiyo kwa nadra sana. Huanza sana pale uji na maziwa ya ng'ombe yanapoingia.

Kisha kuna hilo neno "hayamtoshi". Titi hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa. Kuna siku mtoto anakua haraka na anataka kunyonya kila saa, na hiyo ndiyo njia yake ya kuagiza maziwa zaidi. Ukimpa uji siku hiyo, tumbo linajaa, hanyonyi, titi halikuagizwa, na baada ya wiki moja maziwa yamepungua kweli. Bibi aliyesema hayatoshi sasa anaonekana alikuwa sahihi, na mama anabaki akidhani mwili wake una kasoro. Nimewasikia wanawake wengi wakisema "mimi sikujaaliwa maziwa", na kila ninaposikia maneno hayo huuliza uji ulianza lini. Wapo kweli ambao maziwa yao ni machache kwa sababu za kiafya, na hao wanahitaji msaada wa mtaalamu mapema. Lakini si wengi kama tunavyoaminishwa.

Na uji hauji peke yake. Unakuja na maji, kikombe, kijiko, chupa yenye chuchu isiyosafishika vizuri, na mikono ya wanaolisha. Uji wenyewe huwekwa kwenye chupa ya chai tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, ukipoa polepole katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, na bakteria wanaongezeka humo. Wengi wanaosema "uji umemkataa" wanazungumzia uji uliolala.

Sina budi kuwa mkweli kuhusu chanzo cha ushauri wa kuanza mapema, maana haukutungwa na bibi zetu. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lenyewe lilisema mtoto aanze chakula kati ya miezi minne na sita. Ilikuwa mwaka 2001 ndipo likasema wazi: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita kamili, kisha chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Mama aliyezaa mwaka 1990 aliambiwa miezi minne na watu wa kliniki, na alitii. Sasa ni bibi, na anarudia alichofundishwa. Kumdharau ni kukosa adabu na pia ni kutojua historia.

Sababu nyingine haimo tumboni kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kenya ni miezi mitatu. Miezi sita ni siku kama 180. Huwezi kumwambia mama maziwa pekee kwa siku 180 halafu ukamrudisha kazini siku ya 85 bila kumweleza mtoto atakula nini. Sheria hiyo hiyo ya Tanzania inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kwenda kunyonyesha wakati wa kazi, na ni waajiri wachache wanaoitaja bila kuulizwa. Anayeuza mboga sokoni hana hata hizo siku 84, na anayefanya kazi za ndani mara nyingi hazipati. Kwao uji wa miezi mitatu mara nyingi hautokani na imani yoyote. Ni njia ya kuifikia jioni. Kukamua maziwa na kuyaacha kwenye chombo safi chenye mfuniko, mahali penye ubaridi, mtoto anyweshwe kwa kikombe, kunawezekana kwa wengi kuliko wanavyojua, lakini lazima mtu aoneshwe kwa mikono. Bango ukutani halitoshi.

Tuseme miezi sita imefika. Sasa uji una nafasi yake, na hapa nakutana na imani ya pili, ambayo naiona kuwa na madhara makubwa kuliko ya kwanza kwa sababu haisemwi vibaya na mtu yeyote: kwamba uji wa mtoto sharti uwe mwepesi.

Hesabu yake ni rahisi. Gramu 100 za maziwa ya mama zina kilokalori 65 hadi 70. Uji mwepesi unaotiririka kama maziwa huwa na unga wa gramu 7 hivi katika kila gramu 100; huo ni nguvu ya kilokalori 25. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa gramu 240. Ukilijaza kwa uji wa namna hiyo umempa kilokalori 60. Umeondoa maziwa mazuri na kuweka maji yenye rangi. Mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Wa miezi tisa hadi kumi na moja, kama 300. Akishafikisha mwaka, kama 550. Kwa uji mwepesi ni vigumu afike, hata umlishe mchana kutwa. Anashiba mapema, anakojoa sana, anaomba tena baada ya saa moja, na watu wanamwita mlafi.

Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kudondoka. Tumbo la miezi sita linaumudu; amilesi imeanza kupatikana na taya zinataka kazi. Ongeza kijiko cha karanga zilizosagwa, au mafuta, au tui la nazi, na nguvu inapanda bila bakuli kuwa kubwa. Na kwa anayeona uji mzito unamkaba mtoto, wakulima wa nyanda za juu kusini walikuwa na ufumbuzi zamani. Ulezi au mtama huloweshwa, huachwa uote, hukaushwa na kusagwa kuwa kimea. Kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito ulioanza kupoa huulainisha ndani ya dakika chache, kwa sababu punje iliyoota imetengeneza amilesi yake yenyewe. Unga umebaki uleule, nguvu ileile, ila sasa unanyweka. Uchemshwe tena kidogo kabla ya kumpa.

Togwa ni hatua moja mbele ya hapo, kwa kuwa uji wenye kimea huachwa uchachuke. Wapo wanaoogopa kuwa uchachu utamharisha mtoto. Wilbald Lorri, aliyewahi kuongoza Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg wa Sweden, walichapisha mwaka 1994 utafiti wa Tanzania ulioonesha kinyume: watoto waliolishwa uji uliochachushwa walipata kuharisha kwa nadra kuliko waliolishwa uji wa kawaida. Asidi ya uchachu huwanyima nafasi vimelea wengi. Tena kuota na kuchachuka hupunguza faiteti, kitu kilichomo kwenye nafaka ambacho hushika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Inaniuma kwamba ujuzi huu unafifia nyumba kwa nyumba, wakati unga wa pakiti wenye picha ya mtoto mnene unanunuliwa kwa bei kubwa.

Na unga huo ndio unanipeleka kwenye nafaka saba. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, pengine na ubuyu na mbegu za maboga, vyote vinasagwa pamoja na kuitwa unga wa lishe. Wazo nyuma yake ni jema. Lakini mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama ni kundi moja la chakula. Kuvichanganya vitano hakumpi mtoto aina tano za lishe. Soya ambayo haikuchemshwa au kukaangwa vizuri ina kitu kinachozuia kimeng'enya cha kusaga protini, na katika mchanganyiko ulioiva haraka kwa ajili ya mchele, soya inaweza kubaki mbichi. Hapo mtoto huharisha, mama akadhani ni meno. Halafu mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na sumukuvu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Punje mbovu zikishasagwa huwezi tena kuziona, na zimechanganyika na nzuri. Mzazi anayenunua karanga nzima, akazichambua kwa mkono na kutupa zilizokunjamana na zenye ukungu kabla ya kusaga, amemlinda mwanawe kuliko anayenunua mchanganyiko tayari bila kujua ulihifadhiwa wapi.

Anayebisha kwamba wanga zaidi ndiyo dawa atazame ramani ya nchi. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambako karibu nusu ya watoto au zaidi wamedumaa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Watoto wake hawakukosa unga. Walikosa yai, dagaa, maharage, mboga za majani, parachichi lililoning'inia nje ya mlango likisubiri lori la mnunuzi. Mtoto wa miezi saba anaweza kula dagaa waliosagwa, kiini na ute wa yai lililoiva, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, papai, ndizi mbivu. Papai na mboga humlainishia choo kuliko dawa yoyote ya kufungua tumbo, na yai lote ni kilokalori kama 70 pamoja na virutubisho ambavyo uji hauna.

Sasa kuharisha kwenyewe, maana hapo ndipo mazoea haya huua. Meno huanza kuota karibu na miezi sita, umri uleule ambao kinga aliyorithi kwa mama inapungua, anaanza kutambaa, kila kitu kinaingia mdomoni na chakula kipya kimeanza. Meno ni shahidi aliyekutwa mahali pa tukio, na wapo watoto ambao fizi zao zimechimbwa kwa chuma ili kuondoa "meno ya plastiki", yaani meno machanga ambayo hayajachomoza, wakati utumbo wao ulikuwa na vimelea. Wengine huambiwa mtoto amebemendwa, kwamba wazazi walikutana kimwili au mama ameshika mimba na maziwa yakaharibika. Hakuna kitendo cha ndoa kinachochachusha maziwa titini. Ila maneno hayo humfanya mama aone aibu kwenda kliniki, na humfanya amwachishe mtoto ghafla. Mtoto aliyeachishwa ghafla na kubakizwa na uji mwepesi atakonda na kuharisha kweli, na majirani watasema si tulisema.

Halafu huja agizo la mwisho, lile ninalotaka lifutwe kabisa katika nyumba zetu: apumzishwe tumbo, asile, apewe uji wa maji tu. Utumbo uliojeruhiwa hujitengeneza kwa chakula. Ukinyimwa, kuta zake huchelewa kupona na kuharisha kunarefuka. Mtoto anayeharisha anyonyeshwe zaidi ya siku zote. Apewe ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, kidogo kidogo kwa kijiko kila anapotoa choo. Apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu: miligramu 20 kwa siku akiwa amepita miezi sita, 10 akiwa chini yake. Aliyekwisha anza kula aendelee kula kilekile cha kila siku, kidogo kidogo na mara nyingi, na akishapona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe uzito alioupoteza. Macho yakididimia, akashindwa kunyonya, akawa mlegevu au choo kikawa na damu, asisubiriwe mpaka asubuhi.